Shajara ya mradi: kuhamisha programu ya vipimo kutoka Windows kwenda Linux

Programu ninayoihamisha husoma faili za vipimo vya hali ya hewa (joto, unyevu, mvua), huchora grafu na kutoa ripoti. Imeandikwa kwa C++, na madirisha yake yamejengwa kwa MFC, maktaba ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1992. Lengo ni kodi moja iendeshwe kwenye Windows na Linux, na faili iliyohifadhiwa upande mmoja ifunguke upande wa pili bila kupotea hata baiti moja. Hilo la pili ndilo gumu. Mahali ambapo kompaila (zana inayogeuza kodi kuwa programu) inakataa hujionyesha penyewe. Muda unaliwa na yale inayoyakubali, kisha yakafanya kazi tofauti kimyakimya, na hayo ndiyo yanayoharibu data za watu. Kwa hiyo hatua za kawaida nimezipitia haraka, na mitego nimeieleza kwa kirefu ili anayefuata asiikanyage.

8 Januari 2024: Kabla ya kuhamisha chochote

Kodi imeingia kwenye Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi, na faili ya mradi ya Visual Studio imepisha CMake, zana ya kujenga programu kwenye mifumo mbalimbali. Programu bado inajengwa kwenye Windows tu, kwa makusudi. Kwanza ijengwe kwa njia mpya kwenye mfumo ule ule wa zamani, ndipo ipelekwe kwenye mfumo mpya. Ukibadilisha vyote kwa pamoja, kitu kikiharibika hujui umlaumu nani.

Kazi kubwa ilikuwa kukusanya faili za kujaribia. Nimewaomba watumiaji wanipe faili zao halisi: za zamani, za karibuni, zenye majina ya vituo yaliyo na herufi za lafudhi, tupu, na zile zilizokatika katikati umeme ulipozimika. Kila moja nimeifungua kwenye toleo la Windows na kuihifadhi ripoti yake. Kuanzia sasa toleo la Linux litapimwa kwa ripoti hizo, baiti kwa baiti.

Wine, inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, imekuwa msaada mkubwa hapa. Mradi huo ulianza mwaka 1993, nao hauigi kichakataji, bali unaitikia miito ya Windows kwa kutumia uwezo wa mfumo uliopo chini yake. Programu ya zamani inafunguka humo na ripoti zinatoka sawasawa. Mtu anayeihitaji leo kwenye Linux aitumie hivyo bila wasiwasi. Kwangu mimi Wine ni rejea: toleo la zamani na jipya yanasoma faili moja kwenye kompyuta moja, na skripti inaniambia yanapotofautiana.

29 Januari: Windows ya kuigiza imeachwa

Njia ya kwanza ilikuwa kuandika faili bandia ya windows.h, faili inayotangaza miito ya Windows kwa kodi. Kodi ya programu ibaki kama ilivyo, na majina kama HANDLE, DWORD, CreateFile na EnterCriticalSection yapewe maana mpya upande wa Linux. Njia hii huvutia kwa sababu mwanzo wake ni mtamu; makosa ya kompaila yanapukutika kwa kasi na mtu anajiona yuko karibu kufika.

Imekwama mahali pawili. Kwanza, DWORD kwenye Windows ni `unsigned long`. Ukiinakili hivyo hivyo kwenye Linux ya biti 64 unapata namba ya baiti 8 badala ya 4, kwa kuwa `long` imebaki baiti 4 kwenye Windows ya biti 64, ilhali Linux na macOS zimeipa 8. Hilo linatibika kwa `uint32_t`. La pili halikutibika: WaitForMultipleObjects. Kwa mwito huo mmoja, uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) unaweza kusubiri kufuli (inayozuia nyuzi mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja), kipima muda, uzi mwingine na hata programu nyingine, vyote kwa mpigo. Linux haina mwito mmoja unaosubiri hayo yote, kufuli zikiwemo. Kila nilipoziba pengo, kiraka kilidai kiraka kingine, hadi tabaka la kuigiza likawa gumu kuliko programu yenyewe.

Gharama yake ni sehemu kubwa ya Januari, na kodi yote ya tabaka hilo imefutwa. Kilichobaki na thamani ni orodha ya kila mwito wa Windows unaotumika na mahali ulipo. Njia mpya ni kuondoa miito hiyo na kuweka vya C++17: `std::thread`, `std::filesystem`, `std::chrono`. Faida yake ni kwamba hivi vyote vinafanya kazi Windows pia, kwa hiyo kila badiliko linajaribiwa kule kwanza, mbele ya ripoti za rejea, kabla Linux haijaguswa.

26 Februari: Sehemu isiyo na madirisha inajengwa kwa GCC

Kazi ya kufagia. `#include "Grafu\Mhimili.h"` kompaila ya Microsoft inaikubali, GCC, kompaila ninayoitumia kwenye Linux, inataka mkwaju wa kawaida (/). Violezo kadhaa (templates) vilihitaji `this->` mbele ya majina yanayorithiwa, kwa kuwa GCC inafuata kanuni za lugha kwa ukali zaidi. Maonyo yote yamewashwa, pamoja na `-Wconversion` yenye kelele nyingi. Msiizime. Kelele zake nyingine zilikuja kuwa na maana mwezi uliofuata.

Mtego mmoja kompaila haiwezi kuuona. Kodi inaomba `Picha/Alama.PNG`, na kwenye diski jina ni `alama.png`. NTFS, mfumo wa faili wa Windows, jinsi Windows inavyoitumia kwa kawaida, huyahesabu majina hayo kuwa mamoja. Ext4, mfumo wa faili wa Linux, inasema faili haipo. Programu inajengwa vizuri, inawaka, halafu vitufe havina picha. Nimeandika skripti inayopitia kila jina la faili lililo ndani ya kodi na kulilinganisha na lililo kwenye diski, herufi kubwa kwa herufi kubwa, na sasa inaendeshwa kila kodi inapojengwa. Anayelenga macOS asijidanganye kwamba akishapita huko amepita kote: diski zake, kwa mipangilio ya kawaida, nazo hazitofautishi herufi kubwa na ndogo.

11 Machi: Kichwa cha faili

Faili ya kwanza ya vipimo iliyofunguliwa kwenye Linux iliiangusha programu papo hapo. Kichwa cha faili kiliandikwa kwa kumwaga muundo mzima kutoka kwenye kumbukumbu hadi diski:

```
struct Kichwa {
    char   alama[4];
    long   idadi;
    double muda;
};
```

Hizi ndizo baiti 16 za mwanzo za faili moja:

```
56 49 50 31  60 09 00 00  00 00 00 00 00 F9 E5 40
```

Baiti 4 za kwanza ni alama, `VIP1`. Nne zinazofuata ni idadi ya vipimo, 2400. Nane za mwisho ni muda kwa hesabu ya siku ya Windows, inayoanza 30 Desemba 1899: siku ya 45000, yaani 15 Machi 2023.

Kwenye Linux muundo huo huo una baiti 24. `long` imekuwa baiti 8, tena kompaila imeacha nafasi tupu ya baiti 4 baada ya alama ili `long` ianzie mahali panapogawanyika kwa 8. Programu ikaruka idadi halisi na kuusoma muda kana kwamba ndio idadi. Baiti `00 00 00 00 00 F9 E5 40` zikisomwa kama namba nzima zinatoa zaidi ya 4,600,000,000,000,000,000. Ikajaribu kutenga nafasi ya vipimo vingi kiasi hicho, ikaanguka.

Kuanguka huko kulikuwa heri. Faili ya mipangilio ilikuwa na kosa la aina hiyo hiyo, ila yenyewe ilisomwa bila kulalamika na rangi za grafu zikabadilishana nafasi. Kama si ripoti za rejea, ningelifikiri ni suala la muonekano tu.

Tiba ya kwanza ilikuwa kuweka `int32_t` mahali pa `long` na mstari wa `static_assert(sizeof(Kichwa) == 16)`, ili muundo ukibadilika ukubwa programu isijengeke kabisa. Inafanya kazi, lakini bado mpangilio wa faili unategemea kompaila itakavyoamua. Tiba niliyobakiza ni kusoma na kuandika sehemu moja moja, kila moja kwa idadi yake ya baiti na mpangilio wake ulioandikwa wazi. Kodi imekuwa ndefu kidogo. Kwenye faili kubwa zaidi niliyo nayo, sikuona tofauti ya kasi.

2 Aprili: Maandishi

`wchar_t`, aina ya herufi pana ya C++, ni biti 16 kwenye Windows na biti 32 kwenye Linux, kwa hiyo majina ya vituo yaliyomwagwa diskini kwa `wchar_t` hayasomeki upande wa pili. Nimeamua maandishi yote ndani ya programu yawe UTF-8, njia ya kuandika herufi kwa baiti iliyo sawa kwenye mifumo yote miwili, na kugeuza kuwe mpakani tu: wakati wa kusoma faili za zamani na wakati wa kuita Windows. `CString`, aina ya maandishi ya MFC, zimeondoka zote. Ni kazi ya mikono, inachosha, na sikupata njia ya mkato ninayoweza kumshauri mtu.

Mtego mdogo uliofichika: `wprintf` yenye `%s` kwenye kompaila ya Microsoft hutarajia maandishi mapana (ya `wchar_t`), lakini kwenye Linux `%s` daima ni maandishi membamba (ya `char`). Ripoti zilitoka na herufi ya kwanza tu ya jina la kituo, kwa sababu baiti ya pili ya herufi pana ya Kilatini ni sifuri, na sifuri ndiyo mwisho wa maandishi membamba.

Mwingine ulinisumbua zaidi. Orodha ya vituo ilionyesha kila kituo mara mbili, kwa majina yanayofanana kabisa machoni. Faili za CSV zilizoandikwa Windows zinamaliza mstari kwa herufi mbili, CR na LF. Windows ikisoma faili kwa hali ya maandishi huziunganisha kuwa moja. Linux haiunganishi, kwa hiyo CR ikabaki imening'inia mwishoni mwa jina. Jina lenye CR na jina lisilo nayo ni majina mawili. Sasa faili zote zinafunguliwa kwa hali ya baiti tupu kwenye mifumo yote miwili, na CR ya mwisho wa mstari inaondolewa na kodi yangu. Kwenye Git nimeongeza `.gitattributes` inayotaja faili za vipimo kuwa si maandishi, ili Git nayo isizibadilishe miisho ya mistari.

22 Aprili: Madirisha

Nilizipima wxWidgets na Qt, maktaba za madirisha zinazofanya kazi kwenye mifumo yote miwili. Mpangilio wa wxWidgets unafanana sana na MFC, na hilo ni faida kubwa kwa anayetaka kuhamisha dirisha moja moja. Nimechagua Qt kwa sababu ya uchoraji wa grafu tu. Kodi ya hesabu ilikuwa imechanganyika na kodi ya madirisha, vipimo vinakokotolewa ndani ya OnPaint (fanksheni ya kuchora dirisha), hivyo sehemu kubwa ya kazi imekuwa kutenganisha, wala si kuandika madirisha mapya. Utenganishaji huo ulifanywa kwenye toleo la MFC, likajaribiwa, ndipo Qt ikaingia.

13 Mei: Joto linapanda kwa ngazi

Mjaribu mmoja, ambaye kompyuta yake imewekwa kwa mipangilio ya Kijerumani, ameleta picha ya grafu ya joto iliyo kama ngazi: 27, 27, 27, 28, 28. Faili yake ina 27.4, 27.6, 27.9, 28.1, 28.3. Kwangu faili hiyo hiyo inachorwa sawasawa.

Kodi inasoma namba kwa `sscanf`, na `sscanf` hufuata mipangilio ya lugha iliyowekwa kwenye programu. Kwa Kijerumani alama ya desimali ni mkato, kwa hiyo nukta inahesabiwa kuwa mwisho wa namba. Toleo la Windows halikuwahi kuita `setlocale`, likabaki kwenye mipangilio ya msingi ya C, yenye nukta. Kwenye Linux, Qt huita `setlocale` yenyewe inapoanza na kuchukua mipangilio ya mtumiaji. Nyaraka za Qt zinalisema hilo waziwazi, na anayehamisha programu yenye `sscanf`, `strtod` au `atof` aanze kuzisoma hapo.

Tiba ya haraka ni kuita `setlocale(LC_NUMERIC, "C")` mara tu QApplication ikishaundwa. Tiba ya kudumu ni `std::from_chars`, isiyojali lugha ya mtumiaji kabisa. Kwa namba zenye desimali inapatikana kwenye GCC kuanzia toleo la 11. Nimeweka zote mbili, na majaribio yote sasa yanaendeshwa kwa mipangilio ya Kiingereza na ya Kijerumani.

Kati ya kasoro zote, hii imenitia hofu kuliko nyingine. Hakuna kilichoanguka wala kilichotoa onyo. Wastani wa joto ungeshuka kidogo tu, na ripoti ingeendelea kuonekana ya kuaminika.

3 Juni: Programu inaganda

Ukibofya "Onyesha upya" wakati faili inapakiwa, dirisha linaganda na halirudi. Nimeambatanisha gdb, zana ya kuchunguza programu inayoendeshwa, na kuandika `thread apply all bt`, amri inayoonyesha miito ya kila uzi. Uzi mmoja tu ndio uliokuwa unasubiri kufuli, na orodha ya miito yake ilionyesha kwamba kufuli hiyo inashikwa na uzi huo huo, hatua chache nyuma yake.

Kufuli ya CRITICAL_SECTION ya Windows inauruhusu uzi unaoishika kuishika tena. `std::mutex` hairuhusu, uzi unajisubiri wenyewe milele. Kodi ya zamani iliegemea ruhusa hiyo bila kuitaja popote. Nimeweka `std::recursive_mutex` kwanza ili kazi isisimame, kisha nikagawa kila fanksheni husika kuwa mbili, ya nje inayoshika kufuli na ya ndani isiyoishika. Baada ya hapo `std::mutex` ya kawaida ikarudi na kuganda hakukutokea tena. ThreadSanitizer, zana ya kutafuta makosa ya nyuzi, ilipoendeshwa ilionyesha pia mahali ambapo data ilisomwa bila kufuli kabisa, hapo pamezibwa.

24 Juni: Kuhifadhi

Programu huandika faili ya muda, kisha huipa jina la faili halisi. Kwenye Linux `rename` hubadilisha ya zamani kwa mpya kwa tendo moja lisilogawanyika. `rename` ya C kwenye Windows hukataa ikiwa jina lipo, ndiyo maana kodi ya zamani ilifuta kwanza, na katikati ya kufuta na kubadilisha jina kulikuwa na upenyo wa kupoteza yote umeme ukikatika. `std::filesystem::rename` inabadilisha faili iliyopo kwenye mifumo yote miwili, kwa hiyo upenyo huo umefungwa na Windows pia.

Lakini jaribio la kwanza kwenye Linux lilikataa kuhifadhi. Faili ya muda ilikuwa ndani ya `/tmp`, na kwenye mashine hiyo `/tmp` ni mfumo wa faili tofauti na folda za mtumiaji. `Rename` haivuki mpaka huo. Faili ya muda sasa inaundwa ndani ya folda ile ile ya faili halisi.

15 Julai: Kufungasha

Toleo lililojengwa kwenye Linux mpya halikuwaka kwenye mashine ya zamani: `GLIBC_2.34 not found`. Programu ya Linux hudai glibc (maktaba ya msingi ya C) isiyo ya zamani kuliko alama za toleo ilizounganishwa nazo, na toleo la 2.34 la Agosti 2021 ni mpaka mkubwa, kwa sababu libpthread, maktaba ya nyuzi, iliunganishwa ndani ya libc wakati huo. Hakuna cha kurekebisha kwenye kodi. Jenga kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayotaka kuihudumia. Ninajenga ndani ya kontena ya mfumo wa namna hiyo, kisha nafungasha kwa AppImage, faili moja inayobeba programu na maktaba zake. `objdump -T` itakuonyesha alama zipi zinadai toleo gani.

12 Agosti: ARM, na faili zilizokuwa "tupu"

Mtumiaji mmoja ameomba toleo la kompyuta ndogo yenye kichakataji cha ARM. Kodi imejengeka, lakini usomaji wa faili za maelezo hauishi. Kiini ni mistari hii:

```
char c;
while ((c = fgetc(f)) != EOF)
```

`fgetc` hurudisha `int`, na EOF, ishara ya mwisho wa faili, ni -1. Kwenye Linux ya ARM `char` haina alama ya hasi, kwa hiyo `c` haiwezi kuwa -1 na mzunguko haukomi. Kwenye x86, vichakataji vya kompyuta nyingi za kawaida, `char` ina hasi, mzunguko unakoma, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuutilia shaka. `int c;` inamaliza tatizo.

Kisha nikauliza: kwenye x86, baiti FF ikiwa ndani ya faili, inakuwa nini? Inakuwa -1, na programu inaamini faili imeisha. Faili za maandishi ambazo Notepad huzihifadhi kwa UTF-16 LE zinaanza na baiti FF FE. Maana yake, maelezo yoyote yaliyohifadhiwa hivyo, toleo la Windows lilikuwa linayaona tupu tangu baiti ya kwanza. Kwenye mkusanyiko wangu wa majaribio zipo faili za namna hiyo, na ripoti zake za rejea zina ukurasa wa maelezo usio na neno.

Rejea hizo zimetolewa na kuandikwa upya, baada ya mimi kusoma maelezo yenyewe na kuhakikisha UTF-16 inageuzwa vizuri. Marekebisho yamekwenda kwenye toleo la Windows pia. Mwenye nakala ya zamani anaweza kufungua tena faili zake. Maelezo yalikuwamo muda wote, programu ilikuwa haiyasomi. Kinachofuata ni kupitia kila `char` nyingine inayopokea jibu la fanksheni ya kusoma, na kuongeza ARM kwenye majaribio ya kila siku.